Mama Mkwe Alijua Breki Iko Wapi

Landrover ya marehemu baba mkwe iliingia katika ukoo wetu kwa mnada. Mzee alikuwa dereva wa shirika la umma, akiizungusha toka Arusha hadi Monduli, Simanjiro na Loliondo, na shirika lilipouza magari yake chakavu, yeye ndiye aliyejua kila nati iliyomo, akatoa bei akalichukua. Ni IIA, modeli iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971. Yetu ni chesisi ndefu, ile mafundi wanayoiita mia na tisa, kwa kuwa toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Injini ni ya petroli, lita mbili na robo. Betri ikigoma, unapiga hendeli kwa mbele nayo inaitika.

Mzee alipofariki, gari lilibaki chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yetu hapa Ilboru. Kuku wakataga chini ya kiti cha dereva. Kila aliyepita alitaka kulinunua kwa bei ya skrepa, na kila mara mama mkwe alijibu kwamba haliuzwi, kisha akamkaribisha mgeni chai ili asiondoke na kinyongo. Baba watoto ni mwalimu wa fizikia. Likizo moja alivaa ovaroli ya marehemu baba yake, akafunua boneti, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na gereji ndani yake.

Wenye magari ya zamani majumbani wataelewa ninachosema. Sufuria langu kubwa la pilau liliazimwa kukingia oili chafu na halikurudi kuwa sufuria tena. Chujio la chai lilichuja petroli ya kwenye tanki. Kabureta ilifunguliwa juu ya meza ya kulia, vipande vikapangwa kwenye sinia kwa mpangilio ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuupulizia. Springi mbili zililala chini ya kitanda chetu msimu mzima wa masika. Nililalamika, na kwa sufuria lile nalalamika mpaka leo. Lakini nilishika tochi usiku, nilishika spana, na nilijifunza kwa nini bodi lilikuwa zima wakati chesisi imeoza: Landrover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, hivyo wakatumia aluminiamu kwenye bodi, nayo hailiwi na kutu kama chuma. Chesisi ni chuma. Tulimpelekea fundi wa kuchomelea kule Unga Limited, akakata palipooza akaweka vipande vipya, kazi safi ambayo ukipitisha kidole husikii kiungo.

Ndipo mwaka 2024 ikatangazwa kwamba Oktoba Arusha itakusanya Landrover kutoka kila pembe, kwa nia ya kuivuka rekodi ya Ujerumani, ambako mwaka 2018 msafara wa Landrover 632 uliandikwa kwenye rekodi za dunia za Guinness. Nyumba nzima ilichangamka. Baba watoto alianza kutafuta rangi ya kijani inayofanana na ya zamani. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele barazani, hakuinua kichwa.

“Gari halipelekwi kwa watu kabla halijapelekwa kwa ndugu,” alisema.

Ndugu aliyemkusudia ni mdogo wake wa kike aliyeko Ngare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Hivyo Jumapili moja kabla ya mkusanyiko, tulipotoka kanisani, tulipakia: sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula, doti mbili za khanga, mtungi wa maji, jeki, kamba, watoto, na shemeji yangu mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kushuka kila tukisimama ili achungulie chini. Mama mkwe alikaa mbele, mlangoni, mahali alipokaa enzi za mumewe. Mimi nilikaa katikati, na kirungu cha gia kwenye goti langu.

Ukishuka toka Ilboru na kushika barabara ya Moshi, unapita Tengeru, unafika Usa River, unakata kushoto kuelekea mlimani. Hapo ndipo gari la zamani linaposema ukweli wake. Tulipoanza kupanda kuelekea geti la Ngongongare, mshale wa joto ulipanda nao, na shemeji aliposhuka kuchungulia alirudi akisema rejeta inadondosha. Tulisubiri ipoe, kwa sababu ukifungua mfuniko wa rejeta inayochemka unaungua uso. Kisha mama mkwe akanigeukia.

“Mwanangu, ile binzari uliyochukua ya mchuzi iko wapi?”

Nikaitoa kapuni. Aliimwaga yote kwenye rejeta, pakiti nzima, akaamuru maji yajazwe na injini iwashwe. Madereva wa malori wanaijua dawa hii toka zamani. Maji ya moto yanaibeba ile binzari hadi penye ufa, inarundikana pale, inavimba, inaziba. Haizibi tundu kubwa, wala si tiba ya kudumu, lakini inakufikisha. Baada ya dakika chache matone yalikwisha, na boneti likaanza kunukia kama jikoni mwangu.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha barabara inapita pembeni mwa uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo. Twiga walikuwa karibu kiasi kwamba wanangu walihesabu kope zao. Pundamilia walikuwepo, na nyati wamelala kwenye nyasi fupi wakicheua. Magari ya watalii yalisimama kuwaangalia, kisha watalii wakageuza kamera zao kutupiga sisi. Nasema kwa moyo mmoja: hakuna namna nzuri ya kuuona Meru kuliko kwa kioo cha mbele kilichosimama wima, kwa mwendo wa gari lisilo na haraka. Mlima una urefu wa mita 4,566, na kwa upande huu wa mashariki unaona jinsi ulivyobomoka. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake mzima uliporomoka, na vilima vidogo vidogo unavyovizunguka ukikaribia maziwa ya Momella ni kifusi cha siku ile.

Momella baba watoto alisimamisha gari, kama nilivyojua atafanya. Huku ndiko Howard Hawks alikopigia sehemu ya filamu yake ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akikimbiza vifaru na twiga kwa magari ya wazi. Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza naye, alipenda mahali hapa hata akanunua shamba akaishi. Baba watoto ameitazama filamu ile tangu utotoni na anaweza kukutajia kila gari lililomo. Mimi huwa naangalia jambo jingine. Magari yale yaligongwa na vifaru na kurushwa mabondeni, na kesho yake yakawa barabarani tena. Kuna watu walioyalaza chini usiku na kuyaamsha asubuhi. Sura zao hazimo kwenye filamu.

Ngare Nanyuki ni upande mkavu wa mlima, vumbi la majivu na mashamba ya nyanya yanayomwagiliwa. Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele, akalizunguka gari, akaligusa taa moja baada ya nyingine. Tulikula loshoro, tukala kuku kwa mchuzi mweupe, maana binzari ilikuwa kwenye rejeta. Baada ya chakula mama mkwe aliomba apelekwe ng'ambo ya korongo, mahali ilipokuwa nyumba ya baba yake.

Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wameru kutoka ardhi hii ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa King'ori. Mwaka uliofuata Japhet Kirilo alisafiri hadi New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa papo hapo, lakini kesi ile ilisikika Tanganyika nzima na kuwaamsha wengi waliokuja kudai uhuru. Mama mkwe aliwaonyesha wajukuu jiwe moja na mti mmoja, akawaambia majina ya waliolala pale. Hakukaa sana. Alisema twende, jua halimsubiri mtu.

Tulipokuwa tunapanda kutoka korongoni, gurudumu la nyuma la kulia liliingia kwenye mtaro. Baba watoto akaongeza mafuta. Pakalia “kang!” chini ya sakafu, mlio mmoja mkavu, na hapo hapo injini ikanguruma bila gari kusogea. Gia imeingia, klachi imeachiwa, injini inazunguka, magurudumu yametulia. Tukaanza kurudi nyuma.

Alikanyaga breki ya mguu, gari likashika. Akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akainua mguu, gari likarudi nyuma tena. Watoto walipiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili.

“Baba, usiachie breki!” mama mkwe alimwambia mwanawe, naye tayari alikuwa ameshafungua mlango na kushuka, kwa umri wake ule, na khanga yake imefungwa vizuri. “Umekata hafushafti. Breki ya mkono ya gari hili iko kwenye propela, haiko kwenye magurudumu. Vuta utakavyovuta haitashika. Watoto, mawe! Leteni mawe makubwa!”

Na ndivyo ilivyo. Kwenye Landrover za zamani breki ya mkono haishiki gurudumu. Inashika mhimili unaotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Mhimili ukiwa haujaungana tena na magurudumu, breki inashika chuma kisichozuia kitu. Mwalimu wa fizikia alikuwa analijua hilo kwenye kitabu. Mama yake alikuwa amelijua barabarani, akiwa na mtoto mgongoni, miaka ambayo mwanawe alikuwa hajaanza shule.

Mawe yalipowekwa, tulimzunguka tukisubiri maelekezo. Ikapita pikipiki, kijana akasimama, akamwamkia mama, “Shikamoo bibi,” akauliza kama tunahitaji fundi. “Marahaba, mwanangu. Fundi tunaye. Tutafutie waya wa breki ya baiskeli na kipande cha mpira wa tyubu.” Kijana akaondoka mbio.

Kazi yenyewe nitaieleza, maana huenda ikamfaa mtu. Nguvu ya injini inagawanywa na difu kwenda magurudumu mawili ya nyuma kwa vyuma viwili virefu, hafushafti. Kimoja kikikatika, difu inazungusha ule upande uliokatika, kwa kuwa hauna mzigo, na gurudumu zima halipati kitu. Kwenye IIA uzito wa gari haubebwi na hafushafti, unabebwa na habu, hivyo unaweza kuichomoa shafti na gurudumu likabaki mahali pake. Shemeji alifungua boliti za habu, akavuta kipande kirefu kikatoka, kimekatika karibu na meno. Kisiki kilibaki ndani ya difu. Mama mkwe aliukunja ule waya wa baiskeli ukawa kitanzi, akamwonyesha mwanawe namna ya kuupitisha ndani ya bomba la ekseli na kuuzungusha taratibu hadi unase. Alikosa, akajaribu, akakosa. Mama hakumnyang'anya, alimwambia tu apumue. Kisiki kilipotoka kilikuwa na oili, kifupi kama kidole gumba, na uso wake ulikuwa na sehemu nyeusi na sehemu inayong'aa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani. Shafti ilikuwa inakufa siku nyingi, Ngare Nanyuki ilikuwa imepewa zamu tu.

Doti moja ya khanga ilichanwa kuziba tundu la habu oili isimwagike, ikafungwa kwa mpira wa tyubu. Nilikuwa nimeichagua mwenyewe sokoni, na naitaja hapa ili ijulikane.

“Sasa bonyeza kile kirungu cha njano,” mama mkwe alisema.

Kirungu cha njano ndicho kinachotia fowili. Kikibonyezwa, ekseli ya mbele inaungana na injini, na gari ambalo nyuma yake imekufa linavutwa na magurudumu ya mbele. Baba watoto alikibonyeza, akatia gia ya kwanza, na ile Landrover ikapanda kutoka korongoni ikijivuta kwa mbele, polepole, shemeji akitembea kando yake na jiwe mkononi endapo itarudi. Vijana waliokusanyika walishangilia. Yule wa pikipiki alikataa hela, akaomba apigwe picha amesimama na bibi.

Njiani mama mkwe alichangamka kuliko asubuhi. Ilikuwa imeshapita saa nane mchana, akawaeleza wajukuu kwamba miaka ile ya shida ya mafuta, baada ya vita vya Kagera, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa hiyo. Babu yao alikuwa akitazama saa yake kila dakika wakirudi kutoka kwa ndugu. Aliwaeleza pia kwamba safari ndefu za kazi, utingo akiugua, yeye ndiye aliyeshika nafasi yake: kujaza maji, kuweka mawe, kushika taa, kusikiliza. “Gari linasema,” alisema, “na anayekaa kando ya dereva ndiye anayesikia vizuri.” Tulivuka Ngongongare kabla geti halijafungwa, usukani mzito, mikono ya baba watoto inatetemeka.

Kutafuta hafushafti kulileta maneno nyumbani. Yetu ina meno kumi upande wa difu. Landrover zilizofuata zilipewa shafti nene ya meno 24, kwa sababu ile ya kumi ilijulikana kwa kukatika, na hizo ndizo zilizojaa madukani. Haziingiliani. Baba watoto alirudi kila jioni na jibu lile lile, nami nikasema bayana kwamba ada ya shule haitaguswa. Mwishowe tuliipata Ngaramtoni, kwenye mzoga wa Landrover uliokuwa banda la mbuzi. Ilikuwa imechakaa, lakini nzima. Tuliifunga usiku wa kuamkia mkusanyiko, kwa tochi, majirani wakipitisha chai juu ya ua.

Mji ulijaa siku zile. Zilikuja Landrover za watalii zilizooshwa hadi ndani ya tairi, zikaja zinazobeba abiria na mizigo kwenda umasaini na bado zilikuwa na vumbi la huko, zikaja Difenda za umbo la zamani, ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza tarehe 29 Januari 2016, zikaja mia na tisa kama yetu, za rangi tatu, milango ya gari jingine. Nililipenda kundi hili la mwisho kupita yote. Kule Nairobi tangu mwaka 1970 wana Concours d'Elegance, ambako majaji hupita wakikagua hadi uvungu wa gari. Ni jambo zuri, linafundisha usafi na uaminifu wa matengenezo. Arusha siku ile ilithamini kitu kingine: kwamba gari limefika.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake nyuma ya gari letu, mlango umeshushwa, chupa ya chai kando. Kijana mmoja mwenye IIA aliyoinunua karibuni alilalamika kwa baba watoto kwamba breki yake ya mkono haimtoshi mlimani. Mama akamwita. Alimlaza chini ya gari letu, akamwonyesha kwa fimbo lile dramu nyuma ya gia boksi, akamwambia daima atembee na mawe mawili. Wakaja wengine. Mmoja alikuwa dereva mstaafu wa lori, akakaa, na wawili hao wakaanza kubishana kuhusu binzari na ute wa yai, ipi inaziba rejeta vizuri zaidi, na vijana wakawa wanarekodi kwa simu. Pale palikuwa na elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha gari nilichokiona nyumbani kwetu, na baba watoto anavyo vingi.

Magari siku ile yalihesabiwa. Watu hawa hawakuhesabiwa. Mafundi waliolala chini ya magari hayo kwa miaka hamsini, mautingo, wake wa madereva, wachomeleaji wa Unga Limited, walisimama pembeni ya barabara kama watazamaji. Wengi wao ni wazee sana sasa. Chuma cha Landrover bado kinatengenezwa kiwandani na kinaagizika. Anayejua kuusikiliza mlio wa difu akakwambia ni jino gani limeliwa, haagiziki.

Basi kwenu mnaoandaa mikusanyiko ijayo, Arusha au kokote: wekeni hema moja la wazee hawa, mbele, karibu na jukwaa, na viti vyenye migongo, na kijana wa kuandika wanayosema. Sisi tutamleta mama. Na msomaji, kama kwenu kuna Landrover ya zamani imegeuka banda, iangalie ekseli ya nyuma kabla hujauza skrepa. Tunatafuta hafushafti fupi, ya kulia, ya meno kumi. Hii tuliyonayo mama mkwe ameshaisikiliza, na anasema haifiki Krismasi.